Ndani au Nje ya Kufuli: Akiba ya Diski kati ya Gitega na Muyinga

Tuanze na fundi. Mjini Muyinga, kwenye kibanda kilicho jirani na soko, ameletewa kompyuta mpakato iliyomwagikiwa chai. Amebadilisha ubao mkuu, ameiwasha, na badala ya picha aliyoizoea kimetokea kioo cha buluu kinachodai tarakimu 48.

"Mama, hizi namba umeziweka wapi?"

"Namba gani tena, mwanangu? Mimi sijaweka namba yoyote."

Kisa hiki nimekitunga, ila kila hatua yake hutokea hivyo hivyo, na wote wawili wanasema kweli. Mama hakuweka namba. Kompyuta ndiyo iliyojifunga. Tangu toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, mashine mpya ikianzishwa kwa akaunti ya Microsoft huisimba diski yake yenyewe, hata ikiwa ni Windows ya nyumbani. Ufunguo wa kawaida hukaa ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mkuu. Ubao ukitolewa, ufunguo umekwenda nao, na kinachobaki ni tarakimu 48 za kurejesha, ambazo Microsoft huziweka kwenye akaunti ya mwenye mashine. Mara nyingi akaunti hiyo ilifunguliwa dukani na kijana muuzaji kwa barua pepe ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kwa hiyo suala la kuweka akiba ya diski zenye mafaili yaliyosimbwa au kubanwa, ambalo zamani lilikuwa la mabenki na watu wa usalama, limefika kwa mwenye duka la mbao, kwa karani wa komuni na kwa katibu wa parokia. Wengi wao wana diski ya nje na huinakili kwa bidii. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwa diski za namna hii bidii ya kunakili haitoshi, kwa sababu kitendo kimoja cha kunakili huzaa vitu viwili tofauti kabisa, kulingana na mahali mnakili aliposimama: ndani ya kufuli au nje yake.

Kwanza tutenganishe maneno, maana watu huyachanganya. Kubana ni kuondoa marudio. Orodha ya wateja elfu moja ambamo neno "Muyinga" limeandikwa mara elfu moja inaweza kuandikwa upya kwa alama fupi, ikapungua hadi sehemu ndogo ya ukubwa wake, na baadaye ikarudishwa bila kupoteza hata herufi. Kanuni inayotumika kwenye mafaili ya zip imejengwa juu ya kazi ya Jacob Ziv na Abraham Lempel ya mwaka 1977. Kusimba ni kinyume chake. Maandishi hugeuzwa kuwa fumbo lisilo na mpangilio wowote unaoonekana, ili asiye na ufunguo asione hata marudio. Na kwa kuwa kubana hutafuta marudio, faili lililosimbwa vizuri halibaniki. Ukilitia kwenye zip, linatoka na ukubwa ule ule, pengine limeongezeka kidogo.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapotokea: bana kwanza, simba baadaye. Mihogo hukaushwa kabla ya gunia kushonwa. Anayeshona gunia la mihogo mibichi na kutarajia likauke kwenye ghala atapata alichostahili.

Jambo hili lina faida ya pembeni ambayo haisemwi sana. Ikiwa nakala yako ya akiba ya kila wiki hubanwa, na kwa kawaida hutoka na gigabaiti 8, halafu wiki moja ikatoka na 19 bila kazi mpya ya maana, usiipuuze. Huenda kuna mtu mwingine aliyesimba mafaili yako kabla yako, yaani programu ya wahalifu wanaodai fidia. Mafaili yaliyofungwa na mwizi hayabaniki, sawa na yale yaliyofungwa na mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ndani na nje.

Diski iliyosimbwa na BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, ikishafunguliwa asubuhi, Windows na programu zake zote huyaona mafaili yakiwa wazi, kama vile kufuli halipo. Programu ya kunakili nayo ni hivyo hivyo. Imesimama ndani ya chumba, inachukua vitu kimoja kimoja na kuvipeleka kwenye diski ya nje, na huko vinafika uchi. Daktari wa Gitega aliyesimba kompyuta yake ili majina ya wagonjwa yasisomwe, kisha kila Ijumaa akanakili kila kitu kwenye diski ya nje isiyo na kufuli, amehamisha siri kutoka sandukuni hadi mfukoni. Hata picha kamili ya diski, ile inayonakili mfumo mzima, ikitengenezwa Windows ikiwa imewaka, kwa kawaida hutoka haina kufuli. Watu hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba kusimba ni rangi iliyopakwa kwenye faili na itakwenda nalo popote. Usimbaji wa namna hii ni wa diski. Faili likitoka kwenye diski, usimbaji umebaki nyuma.

Mnakili aliyesimama nje hupata shida ya upande wa pili. Ukiichomoa diski iliyofungwa na kuinakili kwa mashine nyingine bila ufunguo, mashine hiyo haiwezi kujua pale penye faili wala pale patupu, kwani vyote vinaonekana kama mchanga. Inalazimika kunakili kila sehemu. Diski ya gigabaiti 500 yenye mafaili ya 60 tu inataka nafasi ya 500 nzima, na kuibana hakusaidii, kwa sababu iliyotajwa. Malipo yake ni kwamba nakala inabaki imefungwa, na ufunguo ule ule wa zamani utaifungua. Ukipotea ufunguo, umehifadhi mchanga.

Hakuna njia kati ya hizi mbili iliyo ya makosa. Kosa ni kutojua umesimama wapi. Anayenakili kutoka ndani anapaswa kuisimba diski ya akiba kwa kufuli lake yenyewe. Anayenakili kutoka nje anapaswa kuuhifadhi ufunguo kwa uangalifu kuliko nakala.

Mafaili yaliyobanwa na Windows yenyewe yana ndani na nje yake pia, ingawa hapo kinachopotea ni nafasi. Mfumo wa NTFS una uwezo wa kubana folda kimyakimya. Ukiiruhusu Windows ionyeshe rangi, majina ya mafaili hayo huwa ya buluu, na yale yaliyosimbwa kwa EFS, njia ya Windows ya kusimba faili moja moja, huwa ya kijani. Faili moja haliwezi kuwa na rangi zote mbili, kwani mfumo huo haukubali kubana na kusimba kwa pamoja. Folda ya buluu inayochukua gigabaiti 40 kwenye diski inaweza kuwa na 70 kwa hesabu halisi, na ikinakiliwa kwenye flashi hujitanua ikadai zile 70 zote. Kazi inakatika katikati, mtu anailaumu flashi. Dawa ni kuangalia mistari miwili kwenye sifa za folda: ukubwa, na ukubwa kwenye diski. Unaohesabika kwa akiba ni wa kwanza.

Ya kijani ni ya hatari zaidi. Ufunguo wa EFS umefungamanishwa na akaunti ya mtumiaji kwenye Windows ile. Fundi akifuta Windows na kuweka mpya, hata akikupa jina lile lile na nenosiri lile lile, kwa mfumo wewe ni mtu mwingine. Mafaili yatakuwepo, utayahesabu, utayaona majina, lakini hayatafunguka. Cheti cha EFS lazima kitolewe na kuhifadhiwa kando kabla ya siku hiyo. Katika Windows za zamani, faili la kijani likihamishiwa kwenye flashi ya FAT32 lilivuliwa usimbaji wake baada ya onyo moja ambalo kila mtu hulibonyeza bila kulisoma. Za baadaye zilibadili tabia hiyo. Kwa maoni yangu mtu wa kawaida hana sababu ya kutumia EFS leo.

Wenye kujali siri wengi hupendelea sanduku: faili moja kubwa ambalo ndani yake mna mafaili mengine, likifunguliwa kwa nenosiri linaonekana kama diski mpya. VeraCrypt ndiyo programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Ilianza 2013, na ilichukua nafasi ya TrueCrypt, ambayo watengenezaji wake waliacha kazi ghafla Mei 2014. Ni ya bure, na naipenda. Lakini sanduku lake lina desturi moja ambayo wanaoweka akiba hawana budi kuijua. Kwa mpangilio wake wa kawaida, VeraCrypt haibadilishi tarehe ya faili la sanduku hata ukiandika ndani yake kila siku. Nia ni njema: mtu asijue lini ulilitumia mwisho. Programu nyingi za akiba, nazo, huangalia tarehe na ukubwa ili kuamua lipi limebadilika. Ukubwa wa sanduku haubadiliki, na tarehe pia haibadiliki. Basi programu inalipita, inaandika kwamba kazi imekamilika, na nakala yako inabaki ile ya siku ya kwanza. Unaweza kuendesha akiba mwaka mzima na kila usiku ukasomewa kwamba mambo ni sawa. Kuna kisanduku cha kuondoa alama kwenye mapendeleo ya VeraCrypt, kile cha kuhifadhi tarehe. Iondoe alama hiyo leo.

Na usilinakili sanduku likiwa limefunguliwa. Sehemu ya mwanzo itachukuliwa saa nne, ya mwisho saa nne na nusu, katikati umeandika barua mbili, na nakala itakuwa ya wakati ambao haukuwahi kuwepo.

Kichwa cha sanduku ni jambo jingine. Ufunguo halisi unaofungua yaliyomo umeandikwa, ukiwa umesimbwa kwa nenosiri lako, ndani ya baiti 512 za mwanzo wa faili. Zikiharibika hizo, gigabaiti 200 zilizobaki hazifunguki hata ukiwa na nenosiri sahihi. VeraCrypt huweka kichwa cha pili mwishoni mwa sanduku kwa ajili ya siku kama hiyo, na inakuruhusu kukitoa na kukihifadhi kando. Wanaotumia Linux na mfumo wake wa kusimba diski, LUKS, wanapaswa kufanya vivyo hivyo kwa amri yake. Faili la kichwa ni dogo, linaingia popote. Jambo la kufariji ni kwamba mahali pengine pa sanduku uharibifu hausambai: doa bovu la diski hula kipande kidogo tu, kwa jinsi usimbaji huu ulivyogawanywa katika vitalu.

Kwa mafaili yaliyobanwa hali inategemea aina. Kwenye zip kila faili limebanwa peke yake, hivyo moja likiharibika mengine yanapona. Udhaifu wa zip ni kwamba orodha ya yaliyomo imeandikwa mwishoni. Umeme ukikatika kabla kunakili hakujaisha, mkia unakosekana, na programu inasema hiyo si zip kabisa, ingawa sehemu kubwa ya mafaili imo na zipo programu za kuyaokoa. Aina ya 7z, ambayo kwa kawaida hubana mafaili mengi kama mkate mmoja, na ile ya tar.gz ya watu wa Linux, hupunguza ukubwa zaidi, lakini doa moja katikati linaweza kuondoka na yote yanayofuata. Nani achague ipi? Katika mji ambamo umeme unakatika bila kugonga hodi, mimi ningependa zip ndogo ndogo nyingi kuliko 7z moja ya fahari. Na zisifike gigabaiti 4 kila moja, kwa sababu flashi nyingi bado ni za FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofikia ukubwa huo, hata flashi ikiwa tupu.

Zip yenye nenosiri nayo isiaminiwe kwa jina tu. Usimbaji wa zip wa zamani ulivunjwa na Eli Biham na Paul Kocher tangu 1994. Ule wa AES wa biti 256 ndio wa kutumia. Hata huo huacha majina ya mafaili yakisomeka na yeyote. Faili liitwalo "orodha ya wanaotumia dawa za VVU" limekwisha kusema yake kabla halijafunguliwa. Ndani ya 7z unaweza kuficha majina pia, ukiiomba. Halafu kuna herufi za Kifaransa. Burundi mafaili mengi yana majina kama "Résultats" na "Réunion", na zip iliyotengenezwa kwa programu ya zamani ikifunguliwa kwenye mashine nyingine inaweza kuyatoa majina hayo yakiwa yamevurugika. Yaliyomo huwa salama, lakini mtu anayetafuta faili la 2016 kati ya mafaili elfu tatu yenye majina ya vichekesho hatalipata kwa urahisi.

Kabla ya kuacha suala la kubana, nizungumzie ngoma kidogo. Kilomita chache kaskazini ya Gitega ipo Gishora, nyumbani kwa ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Anayerekodi wapigaji wa Gishora kwa WAV, kwa ubora wa diski za muziki, hutumia takribani megabaiti 10 kwa kila dakika. Saa moja ni kama megabaiti 635. Atashawishika kugeuza kila kitu kuwa MP3. Huo pia ni ubanaji, ila wa aina nyingine: MP3, kama JPEG kwa picha, hutupa kile inachoamini sikio au jicho halitakikosa, na kilichotupwa hakirudi. FLAC hubana sauti hadi karibu nusu, na ikifunguliwa inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nakala ya kusikiliza kwenye simu iwe MP3. Ya akiba iwe FLAC. Na asihangaike kuzitia tena kwenye zip, wala asizitie MP4 na JPEG, wala mafaili ya Word na Excel ya siku hizi, kwa sababu yote hayo yamekwisha kubanwa. Faili la docx lenyewe ni zip iliyobadilishwa mwisho wa jina.

Tukija kwenye ufunguo, tunafika mahali ambapo teknolojia inaisha na watu wanaanza.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aliyekuwa na bitcoin 7,002 ambazo ufunguo wake ulikuwa kwenye flashi ya IronKey. Flashi hiyo humpa mwenyewe nafasi kumi za kukisia nenosiri, kisha hujifunga moja kwa moja. Ilipofika Januari 2021 na gazeti la New York Times likaandika habari zake, alikuwa amekisia mara nane. Alikuwa ameliandika nenosiri kwenye karatasi, karatasi ikapotea. Flashi ilikuwa nzima kabisa.

Burundi ina njia yake ya kupoteza nenosiri bila kulisahau, nayo ni kibodi. Kompyuta zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina mpangilio wa AZERTY. Zinazoingia kupitia Dar es Salaam au Dubai ni za QWERTY. Mtu akiandika Amahoro2019 kwa vidole vilivyozoea AZERTY, kwenye mashine iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani, kinachoingia ni Q;qhoro@)!( na haoni, kwa sababu nenosiri huonekana kama vitone tu. Karani wa Gitega anafunga sanduku, mwenzake wa Muyinga anaandika nenosiri lile lile herufi kwa herufi, sanduku linakataa. Hatimaye wanaamua kwamba faili limeharibika. VeraCrypt inayosimba mfumo mzima huenda mbali zaidi: kabla Windows haijawaka, huichukulia kila kibodi kuwa ya Kimarekani. Kwa wenye AZERTY ushauri ni kutumia nenosiri refu la herufi ndogo ambazo haziathiriwi, kwa kukwepa a, q, z, w, m, tarakimu na alama. Maneno manne au matano ya Kirundi au Kiswahili yasiyohusiana yanatosha.

Halafu kuna uhamisho. Kwa sheria ya 2023, iliyoanza kutekelezwa 2025, mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, na komuni 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyokuwa makao ya mkoa, sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Gitega nayo ilitangazwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa 2018, na ofisi zimekuwa zikihamia huko kutoka Bujumbura. Katika mabadiliko ya namna hii kompyuta husafiri upande mmoja na watu upande mwingine. Mhasibu aliyesimba diski ya ofisi anahamishwa, anastaafu au anafariki, na aliyepokea kiti hakupokea nenosiri. Hati ya makabidhiano huorodhesha meza, viti, mihuri na kompyuta. Sijui kwa nini isiwe na mstari mmoja wa bahasha yenye funguo za diski, iliyofungwa kwa lakiri na kutiwa saini na watu wawili.

Bahasha hiyo isikae kwenye droo moja na diski. Tumeona yanayotokea. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea, pamoja na daftari za wafanyabiashara waliokuwa wakiweka hesabu zao zote pale pale. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa, na Rema FM ya upande wa serikali nayo ikachomwa. Nchi nzima ilijifunza kwa siku mbili kwamba jengo moja si mahali pa kuweka kumbukumbu zote. Hata wenye uwezo mkubwa hawajapona. Tarehe 26 Septemba 2025 moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, uliteketeza mfumo wa mafaili ya watumishi wa umma uliokuwa na terabaiti 858. Haukuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno.

Kukatika kwa umeme, kwa upande mwingine, si adui tu. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya viliingia katika kampuni ya meli ya Maersk, vikasimba kompyuta zake kwa kufuli lisilokuwa na ufunguo popote. Mashine takribani 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao duniani kote zilifutika, kwa kuwa kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake na zilinakiliana bila kukoma, pamoja na maafa. Ilibaki moja, Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na mashine haikuwa hewani. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kupitishia data yake. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Diski ikabebwa hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, ikakabidhiwa mtu mwingine, naye akapanda nayo ndege hadi London. Maersk ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300, na ingekuwa zaidi.

Kwa hiyo diski iliyochomolewa na kulala kabatini si ushamba. Ni kinga pekee ambayo mwizi wa mtandaoni hawezi kuifikia. Gitega na Muyinga zimeunganishwa kwa barabara ipitayo Karuzi, na hata katika uhaba wa mafuta ambao Burundi imeuishi miaka ya karibuni, watu husafiri kati ya miji hii kila siku. Mwenye biashara Muyinga anayeagiza bidhaa kupitia mpaka wa Kobero na mwenye ofisi Gitega wanaweza kutunziana diski: yako iliyosimbwa ikae kwangu, yangu kwako, na funguo zibaki kwa wenyewe. Hapo usimbaji unafanya kazi yake nzuri kuliko zote, maana unaweza kumpa jirani mali yako yote bila kumpa siri yako hata moja.

Wingu la mtandaoni nalipita haraka. Starlink iliingia Burundi 2024 na nyaya za mkonga zipo, lakini fanya hesabu kwanza. Sanduku la gigabaiti 50 likipandishwa kwa megabiti 4 kwa sekunde linachukua saa 28 za umeme na mtandao usiokatika. Huduma kama Dropbox hutambua vipande vilivyobadilika na kupandisha hivyo tu. Nyingine hupandisha sanduku zima upya kwa ajili ya barua moja. Anayetaka njia hiyo atumie programu kama Restic au Borg, zote za bure, ambazo hukata data vipande, huviacha vinavyojirudia, hubana, na kisha husimba kabla data haijatoka kwenye kompyuta yako. Zinataka mtu asiyeogopa kuandika amri. Kwa Restic, nenosiri likipotea hakuna wa kumpigia simu.

Flashi za "terabaiti 2" zinazouzwa kwa bei ya soda nazo zina udanganyifu wake. Nyingi zina gigabaiti chache, na zikijaa huendelea kupokea na kutupa. Kwa mafaili ya kawaida utaokoa yale ya mwanzo. Kwa sanduku moja kubwa lililosimbwa, au 7z moja, unaweza usiokoe kitu. Zijaribu kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuzipa kazi. Na diski halali ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931 usigombane na muuzaji. Yeye na Windows wanahesabu kwa vizio tofauti.

Kinachosalia ni jaribio, nalo halifanyiki kwenye kompyuta ile ile iliyotengeneza nakala, kwa sababu hiyo inaukumbuka ufunguo hata kama wewe umeusahau. Ichukue diski yako ya akiba, nenda kwa rafiki mwenye mashine nyingine, ikiwezekana yenye kibodi tofauti na yako. Andika nenosiri, fungua faili moja la juzi na moja la miaka mitatu iliyopita. Yakifunguka yote mawili, andika tarehe hiyo kwa kalamu juu ya kasha la diski. La juzi lisipokuwemo, kagua tarehe za sanduku lako. Sanduku lisipofunguka kabisa, kompyuta yako bado ni nzima na mafaili yako bado yamo. Rudi nyumbani uanze upya usiku huo huo.